Krita: ficha kila kitu kwanza, kisha rudisha kidogo kidogo

Ndugu, umesema Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, imejaa paneli kila upande hadi turubai yako, yaani eneo la kuchorea, imebaki kama stempu, na paneli ya rangi uliifunga kwa bahati mbaya ukashindwa kuirudisha. Hilo la pili ni dogo. Fungua menyu ya mipangilio, tafuta orodha ya paneli, weka tiki kwenye ile ya rangi.

La kujaa ndilo lililonihangaisha. Nilikuwa nafunga paneli moja moja huku najiuliza kama nitaihitaji, na jibu siku zote lilikuwa ndiyo. Siku moja nikabonyeza Tab, vyote vikatoweka, ikabaki turubai peke yake. Nikachora hivyo hivyo jioni nzima, na kila nilipolazimika kubonyeza Tab tena niliandika kwenye karatasi nilichokuwa nafuata. Karatasi ilijaa neno moja: leya, leya, leya, yaani zile tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine. Brashi mara mbili. Rangi haikuwemo kabisa, maana ukibofya kulia juu ya turubai linafunguka duara lenye rangi na brashi uzipendazo, pale pale ilipo ncha ya kalamu. Basi leya zikabaki, nyingine zote nikazifunga.

Upande wa njia za mkato za kibodi, mimi ni wa shoto. Kalamu iko kushoto, kwa hiyo kibodi naishika kwa mkono wa kulia. Mabano ya mraba ya kukuza na kupunguza brashi yako upande wangu, na M ya kugeuza picha kama kwenye kioo pia. Taabu ilikuwa E ya kifutio, iko mbali. Nikaihamishia kwenye L. Krita ikanionya kwamba L tayari ina kazi, ya kung'arisha rangi ya brashi. Nikakubali tu bila kusoma vizuri, halafu baadaye nikaitafuta kazi hiyo kama mtu aliyepoteza miwani iliyo usoni. Ikikuonya, soma.

Mandhari nyeusi tii ya programu inapendeza, lakini inadanganya macho: picha inaonekana angavu kuliko ilivyo, nawe unazidi kuitia giza. Nilikuja kugundua nilipoweka kazi yangu kwenye ukurasa mweupe, ikawa kama imepakwa matope. Sasa natumia kijivu cha katikati.

Ukishapanga ukaridhika, hifadhi mpangilio huo kama nafasi ya kazi na uupe jina, hapo hapo, usingoje kesho. Mimi niliwahi kuvuta paneli ya leya hadi kwenye skrini ya pili, kisha nikachomoa waya wa skrini hiyo. Kwenye orodha paneli ina tiki, machoni haipo. Nikaifungua na kuifunga mara kumi. Iliyoniokoa ni kuchagua nafasi ya kazi ya zamani, kila kitu kikarudi mahali pake.

Na kama mambo yameharibika kupita hapo, funga programu kwanza, kisha tafuta faili la mipangilio liitwalo kritarc. Lihamishie pengine, usilifute. Ukifungua tena, Krita itaanza na mipangilio ya kiwandani, na ukijuta unalirudisha lile la zamani.