Michungwa ya Muheza: maji kiasi gani, na lini yabanwe?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina michungwa ya Valencia huku Muheza, ina miaka 9. Mwaka jana nilitandika mipira ya matone, kila mti matundu manne ya lita 4 kwa saa. Kiangazi nafungulia kila siku kwa muda wa saa 5. Machungwa yamenenepa, ila wachuuzi wanasema ni maji matupu, tena ya kijani. Nimesoma kwamba wakulima wa cheri (vitunda vidogo vyekundu vya nchi za baridi) Ulaya hubana maji ili kulinda ubora wa tunda. Nami nibane?

JIBU: Marahaba. Bana, ila usiwaige watu wa cheri. Cheri toka ua hadi kuvunwa ni miezi 2 au 3 tu, hamna nafasi ya kuchezea maji. Ndiyo maana wao hupendelea kubana baada ya mavuno. Chungwa lako hukaa mtini miezi 8 hivi au zaidi.

Tupige hesabu kwanza. Wewe unatoa lita 80 kwa mti. Mchungwa wenye kivuli cha upana wa mita 4 hufunika mita za mraba 12.6. Siku ya jua kali, chukua milimita 5 za maji yanayopaa, na mchungwa hutumia kama asilimia 65 ya hizo. Milimita 1 juu ya mita ya mraba ni lita 1, basi zidisha: lita 41 kwa siku. Ongeza za kupotea njiani, sema 45. Saa 3 zinakutosha kabisa! Hizo nyingine zinazimua sukari, na shina linalolowa kila siku huoza. Kagua gome karibu na udongo kama linatoa gundi. Halafu kinga kopo chini ya tundu: lita 1 ijae kwa dakika 15. Isipojaa, tundu limeziba na hesabu yangu haikuhusu.

Sasa, lini? Wiki 8 za kwanza baada ya maua usithubutu, vitunda vitapukutika. Tunda likiwa linanenepa pia mpe mti haki yake, maana udogo wa wakati huo haufidiwi wote baadaye. Miezi 2 ya mwisho ndipo pa kubana: shuka hadi lita 30. Utamu hupanda, lakini uchachu nao hupanda, kwa hiyo jaribu mstari mmoja kwanza, kamua na uonje kila wiki ukilinganisha na mstari wa jirani. Ukiona majani yanajikunja asubuhi, umepitiliza. Na usije ukafungulia maji yote kwa mkupuo baada ya kiu, maganda yatapasuka.

Kuhusu ukijani, mipira yako haina kosa. Chungwa hugeuka rangi likipata usiku wa baridi, na Muheza usiku ni joto. La kijani laweza kuwa limeiva barabara. Mchuuzi anayeshusha bei kwa sababu ya rangi, mkatie moja alionje hapo hapo shambani.