Je, msongo wa mawazo wa baba kabla ya mimba humfikia mtoto? Jibu la mtu wa maabara

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa kuwa mimba ya mkeo, ambayo sasa ina miezi minne, ilitungwa wakati umeachishwa kazi, unadaiwa na hupati usingizi, je, mtoto atazaliwa amebeba msongo wako? La pili, je, kuna kipimo cha kulijua hilo mapema? Waliotangulia kukujibu wamegawanyika kati ya wanaosema kwamba mambo ya mimba ni ya mama peke yake na wanaokutisha kwamba mtoto ameshaharibika. Mimi ninafanya kazi katika maabara ya hospitali moja hapa Mwanza, na kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu imekuwa kupima shahawa za wanaume waliochelewa kupata watoto. Nitajibu kwa yale ninayoyaona kazini, na kwa tafiti ninazozifuatilia kwa sababu nami niliwahi kujiuliza swali hilohilo.

Tuanze na mbegu zenyewe. Mwanamke huzaliwa akiwa na akiba yake ya mayai, lakini mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na kila mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani. Baada ya hapo hupita siku kadhaa katika mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, uitwao epididimisi, ambako hukomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Ndiyo maana mtu aliyeugua malaria yenye homa kali huweza kuja kwetu wiki kadhaa baadaye akiwa amepona kabisa, na bado hadubini ikaonyesha mbegu chache, tena nyingi kati yake hazijongei. Tunamwomba arudi baada ya miezi mitatu, na mara nyingi majibu ya pili huwa mazuri kuliko ya kwanza. Kwa hiyo kwamba hali ya mwili wa baba katika miezi ile huacha alama kwenye mbegu si jambo la kubishania. Kigumu ni kujua kama msongo, ambao si homa wala sumu, huacha alama inayovuka hadi kwa mtoto.

Kwa panya jibu ni ndiyo, na limechunguzwa kwa makini. Mwaka 2013 kundi la Tracy Bale, wakati huo likiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, lilichapisha utafiti ambamo panya dume walisumbuliwa kwa wiki 6 kabla ya kupandishwa: walinusishwa harufu ya mbweha, walipigiwa kelele, walilazwa kwenye matandiko yaliyolowa, waliwashiwa taa usiku kucha. Watoto wao, ambao hawakuwahi kukutana na lolote kati ya hayo, walikuwa na mwitikio wa homoni ya msongo uliopoa kuliko wa panya wengine. Zingatieni hapo: uliopoa, haukupanda. Wanaodhani kwamba baba mwenye hofu huzaa mtoto mwenye hofu wanarahisisha mno. Katika mbegu za madume hao, aina 9 za RNA (molekuli zinazosaidia kuendesha kazi za jeni) fupi sana ziitwazo maikro-RNA zilikuwa zimeongezeka. Jeni hazikubadilika, kilichobadilika ni vijumbe vinavyosafiri pamoja nazo na kuamua ni maagizo gani yasomwe na yapi yanyamazishwe mwanzoni kabisa mwa uhai. Mwaka 2015 kundi hilohilo lilichukua maikro-RNA hizo 9, likazidunga katika mayai yaliyorutubishwa kwa mbegu za madume wasiosumbuliwa, na watoto wakatokea na mwitikio uleule uliopoa.

Baadaye, mwaka 2020, walionyesha kwamba sehemu ya ujumbe huo hutoka katika seli za epididimisi, ambazo hutoa vifuko vidogo mno vinavyogusana na mbegu zinapopita. Seli hizo zilibaki zimebadilika hata baada ya homoni ya msongo kuondolewa. Maana yake ni kwamba huenda kusubiri miezi mitatu, kanuni tunayoitumia kwa homa, kusitoshe kwa msongo mrefu.

Hata hivyo, upo utafiti mwingine ambao watu hawautaji, nami naona ni muhimu kuliko yote kwa mtu aliye katika hali yako. Mwaka 2011, David Dietz na wenzake walichukua panya dume waliokuwa wakipigwa na kutishwa na dume wakubwa kwa siku kadhaa, wakawapandisha. Watoto walionyesha dalili zinazofanana na sonona na wasiwasi. Lakini watafiti walipotumia mbegu za madume hao kutungisha mimba nje ya mwili, ili jike asikutane kabisa na dume, sehemu kubwa ya athari hizo ilitoweka. Kwa maneno mengine, yale yaliyoonekana kurithiwa kwa mbegu huenda kwa kiasi kikubwa yalipitia kwa mama, ambaye alimwona mwenzake alivyo na kuwalea watoto ipasavyo au kinyume chake.

Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba zaidi, kwa sababu hakuna anayeweza kumfungia mtu harufu ya mbweha. Unaojulikana sana ni wa Dora Costa na wenzake, uliotoka mwaka 2018, kuhusu askari wa Kaskazini waliotekwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Ubadilishanaji wa mateka uliposimama mwaka 1863, makambi ya mateka ya upande wa Kusini, kama Andersonville, yalijaa njaa na maradhi. Wana wa kiume wa walioteswa kipindi hicho, waliozaliwa baada ya vita na kufikisha miaka 45, walikuwa na uwezekano wa kufa, katika umri wowote baada ya hapo, wa mara 1.11 ukilinganisha na wana wa askari ambao hawakutekwa, yaani asilimia 11 zaidi. Kwa mabinti hakukuwa na tofauti. Mama alipokuwa na lishe ya kutosha wakati wa ujauzito, athari hiyo ilionekana kufidiwa. Sasa pima mwenyewe: hao walikonda wakabaki mifupa, na bado tofauti ilikuwa hiyo. Kupoteza kazi kunaumiza, sikatai, lakini si Andersonville.

Mimi binti yangu wa pili alitungwa mwaka niliokuwa nikimuuguza baba yangu mzazi, nikilala kwenye viti vya wodini na kurudi kazini asubuhi. Binti huyo ni mtulivu sana, ilhali kaka yake, aliyetungwa wakati mambo yangu yalikuwa shwari, hushtuka hata mlango ukibamizwa. Ningeweza kutunga hadithi nzuri kutokana na hayo na kusema inalingana na panya wa Bale. Watoto wawili hawathibitishi chochote, na shangazi yao ana maelezo yake mengine kabisa.

Kuhusu kipimo: hakipo. Sisi hupima idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosoma msongo. Maikro-RNA za mbegu hupimwa kwenye maabara za utafiti tu, na hata huko hakuna awezaye kumwambia baba mmoja mtoto wake atakuwaje. Akitokea mtu wa kukuuzia kipimo hicho, au dawa ya kusafisha mbegu, mwache aende zake. Isitoshe mimba imeshatungwa, na mbegu unazotengeneza leo hazimhusu mtoto huyu.

Kinachomhusu ni miezi mitano iliyobaki. Nenda na mkeo kliniki, na mweleze ukweli kuhusu madeni badala ya kumwacha akisie, kwa sababu wasiwasi wake wa sasa una njia fupi zaidi ya kumfikia mtoto kuliko wako wa mwaka jana. Na ikiwa hadi leo hulali, kamwone daktari kwa ajili yako mwenyewe. Hospitali nyingi za mkoa zina kitengo cha afya ya akili, na huhitaji kusubiri mambo yaharibike ndipo uende.