Anajibu vizuri kwa mdomo, daftari liko tupu

Nikiwa na darasa jipya la watoto wadogo, kitu cha kwanza ninachoangalia ni pengo kati ya mdomo na daftari. Kuna mtoto anayesimulia hadithi ya jana bila kuruka tukio na kuuliza maswali ya maana. Mpe aya ileile aisome mwenyewe, anakwama mstari wa kwanza. Tafadhali, mwalimu mwenzangu, usimwite mvivu.

Kiswahili kinaweza kuficha tatizo. Kwa kuwa maneno yetu husomwa kama yalivyoandikwa, mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika usiotokana na uvivu, anaweza kufika mwisho wa sentensi bila makosa mengi. Kinachomfichua ni kasi. Anaunga silabi moja moja, wa-na-li-ma, na neno hilohilo likirudi mstari unaofuata analianza upya kama hajawahi kuliona. Akifika kwenye nukta, ameshasahau sentensi ilianzaje. Wengine wamekariri ukurasa mzima, tena kwa ustadi mkubwa. Funika picha, mwambie aanzie mstari wa katikati, utajua kama anasoma au anakumbuka.

Kwenye hesabu, tazama anayejumlisha 8 na 5 kwa vidole kuanzia moja, kila mara, wakati wenzake walishaacha. Kwenye kunakili, yule anayeinua kichwa ubaoni kwa kila herufi.

Kuchanganya b na d peke yake hakunitii wasiwasi kwa mtoto wa miaka 5 au 6. Wengi hupitia hapo. Kukiendelea baada ya miaka 7 au 8, tena pamoja na dalili nyingine, naanza kuweka kumbukumbu: tarehe, kazi niliyompa, alipokwama, kilichomsaidia.

Kabla ya yote, macho na masikio yapimwe. Uliza pia kama amekosa masomo sana, au kama lugha ya darasani bado ni ngeni kwake. Mzazi nampa mifano kutoka kwenye daftari, simpi jina la tatizo. Hiyo ni kazi ya mtaalamu. Namuuliza kama kuna ndugu aliyesumbuka kusoma, maana disleksia huenda na ukoo.

Msaada hausubiri majibu ya vipimo. Mwongezee muda, mruhusu ajibu kwa mdomo, rudieni silabi kwa sauti. Na usimsimamishe asome mbele ya darasa zima; msikilize pembeni, dakika chache kila siku.