Maswali ya Pesa: Benki imefuta loni ya Probox, mbona bado wanapiga simu?

SWALI: Assalam aleikum kaka wa Maswali ya Pesa. Mimi ni dereva hapa Malindi, 2018 nilichukua loni ya benki nikanunua Probox ya kubeba watu Malindi-Marafa, nikalipa vizuri mpaka 2020 korona ikaingia, hoteli zikafungwa, abiria hakuna, nikashindwa. Nilikuwa nimebakisha Sh420,000. Dalali akaja stejini akachukua gari, ikapigwa mnada kwa Sh260,000. Baadaye benki ikaniandikia barua kwamba deni limefutwa kwenye vitabu vyao, nikashukuru Mungu nikajua yamekwisha. Sasa kuna kampuni ya kukusanya madeni wanipigia kila asubuhi wataka Sh910,000, na wamempigia hata mama mkwe! Si walifuta? – Dereva, Barani

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Pole, na mama mkwe naye mpe pole, yeye hakukopa kitu.

Hawakukusamehe, na nakwambia hivyo mapema ili usiendelee kujificha nyuma ya ile barua. Benki ikikopesha, loni yako inahesabiwa kama mali yake, lakini mtu akikaa siku 90 hajalipa inaingia kwenye madeni mabovu, na zikipita siku 360 kanuni za Benki Kuu zinaipeleka kwenye kundi la hasara. Hapo benki inaitoa kwenye hesabu zake ili isidanganye wenye hisa kwamba ina pesa ambazo haijui itazionaje. Hiyo ni kazi ya wahasibu wao, wewe na mkataba uliosaini mko vilevile. Kukusamehe kungekuwa barua nyingine kabisa, inayosema hudaiwi tena.

Sasa hiyo laki tisa na kumi ndiyo imenishangaza, na hapa ndio nataka ukae chini na kalamu. Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 44A, kimeanza kutumika 2007, kinasema loni ikishakuwa mbovu benki haiwezi kukudai riba inayozidi lile deni lililokuwa limebaki siku hiyo. Wewe ulibakisha 420,000, kwa hivyo riba mwisho wake ni 420,000 nyingine, jumla 840,000, na juu yake gharama za kufuatilia deni, yaani dalali, yadi, wakili, vitu kama hivyo. Toa 260,000 ya mnada unabaki na 580,000 na hizo gharama. Kutoka hapo mpaka 910,000 kuna laki tatu na elfu thelathini, je ni gharama gani hizo? Gari ililala yadi ya dhahabu? Iandikie benki yenyewe, sio ile kampuni, waombe taarifa yote ya akaunti tangu 2018, bei ya mnada, na risiti za dalali. Na hiyo 840,000 ni kikomo tu, usidhani ndiyo unayodaiwa moja kwa moja, riba ya mkataba wako inaweza kuwa imefika chini ya hapo.

Ukipata hizo karatasi angalia pia vile gari ilivyochukuliwa. Kwa kanuni za madalali unafaa kupewa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 7 ukomboe mali yako kabla haijaondolewa, halafu mnada utangazwe gazetini. Kama alikuja tu stejini akachukua ufunguo akaenda, mpelekee wakili hiyo stori, inaweza kukusaidia kwenye mazungumzo. Na uhakikishe kule NTSA, wanaosajili magari, gari imetoka jina lako, maana nimeona watu gari iliuzwa zamani na jina kwenye logbuku bado ni lao, siku inagonga mtu huko Kakuyuni polisi wanaanza na wewe.

Kingine ni muda. Deni la mkataba benki ina miaka 6 kukupeleka kortini. Lakini hiyo miaka 6 inaanza kuhesabiwa upya ukilipa hata kidogo au ukisaini kwamba unalikubali deni, ndio maana hao wa simu wanapenda kusema "tuma hata mia tano tuone nia yako". Usitume mia tano wala usisaini chochote kabla hujajua unadaiwa ngapi na lini mara ya mwisho ulilipa. Najua kuna watakaoniandikia kwamba deni ni deni mbele ya Mungu hata ipite miaka sitini, na mimi sibishani nao, mimi hapa naongea ya korti.

Kama unataka kumaliza, na mimi ningekushauri umalize ukiweza, mara nyingi benki ikishaifuta loni huwa tayari kupokea chini ya ile wanayotaja, kwa sababu kwao chochote kinachorudi ni faida. Anza na kile unachokiweza kweli. Lakini barua kwanza pesa baadaye: barua ya benki iseme kiasi hiki kikilipwa deni limekwisha lote. Halafu ulipe kwenye akaunti ya benki, sio kwa namba ya simu ya yule kijana anayekupigia hata awe mpole vipi.

Na CRB je, zile kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji? Hapo uko, karibu hakika. Kila mwaka una haki ya ripoti moja bure, iombe Metropol, TransUnion na Creditinfo. Ukishalipa inaandikwa umelipa, ila historia yenyewe inabaki miaka 5 tangu siku ya kumaliza, kwa hivyo ukichelewa na hiyo miaka 5 nayo inachelewa kuanza.

Na wakimpigia tena mama mkwe, weka rekodi za simu na meseji, ulalamike kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 ipo, deni lako halimhusu mama mkwe.

SWALI: Mimi ni mwalimu Mokowe, nilimdhamini shemeji yangu, mume wa dada, akanunua pikapu, ametoweka na loni imefutwa. Nimeponea? – Mdhamini, Lamu

JIBU: La, mwalimu. Sahihi yako iko palepale na kwako mshahara unaonekana kirahisi, shemeji haonekani. Omba nakala ya fomu ya udhamini uone uliweka kikomo cha pesa au ulisaini kudhamini deni lote. Ukilipa weka kila risiti, una haki ya kumshtaki shemeji akurudishie, na kesi isiyozidi milioni moja inaweza kwenda korti ya madai madogo. Mwambie dada yako mapema kabla hajasikia kwa wengine.

SWALI: Ndugu yangu yuko Marekani, gari ilichukuliwa na loni ikafutwa, akaletewa fomu ya kodi. Hii ni nini tena? – Shella, Lamu

JIBU: Kule loni ya gari kwa kawaida benki huifuta ikifika siku 120 za kutolipwa, na alama inakaa kwenye ripoti yake ya mikopo miaka 7 kuhesabu tangu alipoanza kukosa kulipa. Fomu hiyo kama ni 1099-C, basi mkopeshaji amewaambia watu wa kodi kwamba amesamehe deni la dola 600 au zaidi, na serikali yao inahesabu pesa aliyosamehewa kama mapato. Asiitupe. Kama siku deni liliposamehewa madeni yake yalikuwa mengi kuliko mali yake, kuna fomu namba 982 ya kuomba isihesabiwe, akae na mtu wa kodi wa hukohuko ajaze naye.