Kichwa kumuuma mwendesha boda boda wakati wa jua kali

Dada, unasema mumeo anashinda steji ya Kondele akinywa soda, na jioni anarudi kichwa kikimpasuka. Nadhani anapungukiwa na maji, na soda haimsaidii vya kutosha. Kuanzia Januari hadi Machi jua la Kisumu huwa kali, na unyevu wa ziwa hufanya jasho likawie kukauka, hivyo mwili haupoi upesi.

Mwekee chupa ya maji yaliyochemshwa, anywe kidogo kidogo hata kabla ya kiu. Aangalie mkojo: ukiwa wa manjano iliyokolea, aongeze maji. Jasho hutoka na chumvi pia, kwa hiyo ugali na supu ya samaki jioni utamfaa sana. Saa sita hadi saa tisa apumzike kivulini, avue jaketi na helmeti. Najua atapoteza abiria kadhaa, na bado nakusihi umshawishi.

Lakini wenzake wa steji wajue hili: akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kutapika, wasingoje. Wamweke kivulini, wammwagie maji, wampepee na kumkimbiza hospitali. Akizimia, wasimnyweshe chochote.

Kichwa kikiendelea kuuma hata siku za mvua, apimwe malaria na presha.