Kijana apewe mkataba mnono sasa, au asubiri?

Mdogo wangu, unasema hapo kijiweni Mwanjelwa mmebishana mpaka kahawa ikapoa: kijana wa misimu mitatu NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, pointi 19 kwa mechi, aongezewe mkataba wa mabilioni? Mimi ningesubiri.

Aliyechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, yaani klabu zinapogawana wachezaji wapya, bado ana mwaka wa nne wa mkataba wake wa kwanza. Ukiisha, klabu inaweza kubaki na haki ya kulipa dau lilelile atakaloahidiwa kwingine, isimpoteze. Phoenix Suns hawakumwongezea Deandre Ayton 2021. 2022 Indiana Pacers wakaweka dola milioni 133 kwa miaka 4, Suns wakalipa hizo hizo, wakabaki naye. Ila kusubiri kunauma pia: Jimmy Butler aliikataa ofa ya Chicago Bulls 2014, aking'ara uwanjani, wakaja kumlipa zaidi ya dola milioni 90.

Pointi 19 zisikulevye. Tazama robo ya nne: wapinzani wanamwinda yeye kwenye ulinzi? Akibanwa na wawili anaachia pasi, au anarusha tu? Na lile goti lake umeligusia juu juu, wakati ndilo linalonitisha zaidi.

Labda akubali chini ya asilimia 25 ya kikomo cha mishahara ya timu nzima, dari ya kawaida kwa wa rika lake. Hapo ningesaini kabla dirisha la kuongeza mikataba halijafungwa Oktoba.