Barua kwa mwanangu: kisima na kanisa, kipi kilitangulia?

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Umeniuliza utajuaje, huko Wales, kama kisima kitakatifu ndicho kilichovuta kanisa lijengwe jirani, au kanisa ndilo lililokipa kisima utakatifu. Fungua mafaili mawili, moja la maji na moja la kanisa, na usiyaunganishe mpaka kila moja lipate tarehe zake lenyewe.

Chukua Holywell, Flintshire. Wageni huambiwa Mtakatifu Winefride aliishi karne ya 7, na chemchemi ikabubujika pale kichwa chake kilipoangukia baada ya kukatwa. Sasa tafuta karatasi. Jina la mahali, Haliwel, linajitokeza mwaka 1093, palipotolewa kwa abasia (monasteri) ya Mtakatifu Werburgh mjini Chester. Masimulizi ya maisha yake yaliyobaki ni ya karne ya 12, na mmoja wa waandishi ni Robert, mtawa wa Shrewsbury, ambako mifupa ya mtakatifu ilihamishiwa mwaka 1138. Monasteri iliyopokea mifupa ilikuwa na kila sababu ya kumtukuza mtakatifu huyo. Kwa hiyo andika: jina, 1093; kisa, karne ya 12. Karne ya 7 iweke kwenye safu ya mapokeo. Usiitupe, ila isikae pamoja na tarehe.

Majengo nayo yana umri wake. Kikanisa kinachofunika chemchemi ni cha mwanzoni mwa karne ya 16. Kanisa la parokia lililo jirani lilijengwa upya kwa sehemu kubwa karne ya 18, na leo ni la Mtakatifu Yakobo, si la Winefride. Hata maji yenyewe: mwaka 1917 handaki la kutoa maji migodini lilikausha chemchemi, ikabidi yaletwe kutoka chanzo kingine. Ukipima mkondo wa leo ukadhani ndio wa kale, umepotea.

Anza na cha karibu, urudi nyuma. Ramani za Ordnance Survey, shirika la upimaji ramani la Uingereza, za karne ya 19, za inchi 6 kwa maili, zinapatikana bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mambo ya kale yameandikwa kwa herufi za Kigothi, lakini kumbuka kwamba jina la kisima mpimaji aliambiwa na wenyeji wa siku zake. Kisha nenda kwenye ramani za zaka zilizotokana na sheria ya 1836. Usiishie kwenye ramani: majina ya mashamba yamo ndani ya daftari lake, na shamba linaweza kulihifadhi jina la kisima kilichokwisha kufukiwa. Baada ya hapo soma wasia za zama za kati, kwa sababu mtu alipotaja kanisa atakalozikwa mara nyingi alimtaja na mtakatifu wake. Watakatifu wasimamizi hubadilishwa, na wengi hukwama hapo.

Wells, mji wa Somerset huko Uingereza, ni mfano wa pili. Hati ya mwaka 766 inataja kanisa la Mtakatifu Andrea karibu na chemchemi kubwa, ila kilichobaki ni nakala ya baadaye, na uhalisi wake una mabishano. Ushahidi ulio imara zaidi uko ardhini. Uchimbaji wa 1978 hadi 1980 ulifukua msingi wa kikanisa cha Waanglo-Saksoni (watu wa Uingereza wa kabla ya 1066) kilichopangwa katika mstari wa kuelekea chemchemi, wakati kanisa kuu la sasa, lililoanza kujengwa takriban 1175, limeelekea kwingine. Wewe pia chora mhimili wa kanisa, yaani mstari wa katikati yake, juu ya ramani ya 1:2,500 uone unapita wapi, lakini uchore wa jengo la zamani kuliko yote unayoweza kulithibitisha.

Utakutana pia na barua ya Papa Gregori ya mwaka 601, inayotolewa kama ushahidi kuwa visima vya wapagani vilifanywa vya Kikristo. Isome yote. Inazungumzia mahekalu, sanamu na sadaka za ng'ombe; visima havimo. Chenye uzito zaidi ni agizo la baraza la maaskofu la Westminster la 1102, lililokataza kuziheshimu chemchemi bila idhini ya askofu, maana linaonyesha watu walikuwa wanafanya hivyo wakati huo.

Kila hati utakayoipata, andika pembeni kama ni ya asili au nakala, na nakala ya karne gani. Nitumie orodha ya kisima chako cha kwanza, tuipitie pamoja.

Mama yako